Taita Taveta: Ardhi Kubwa, Nafasi Finyu

Kwenye ramani, Taita Taveta ni kaunti pana. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 17,000, zaidi ya mara sita ya Murang'a. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 340,671 tu, ilhali Murang'a walipita milioni moja. Mgeni akisikia hivyo hudhani Mtaita ana ardhi ya kumwaga. Aende Mwatate au Taveta akaulize, asikie atakavyojibiwa. Takriban asilimia 62 ya kaunti ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na sehemu kubwa ya kinachosalia ni ranchi na mashamba ya makonge. Wananchi wamebanana milimani, kandokando ya reli, na katika bonde la mto Lumi. Jinsi walivyofika hapo ndiyo historia ya kaunti yenyewe, na ni historia ya wengi waliopita, kila mmoja akiondoka na kipande chake.

Tuanze na milima. Anayetoka Mombasa kuelekea bara hupita nyika ya Taru, tambarare kavu ya vichaka vya miiba na mibuyu, ambayo wapagazi wa zamani waliiogopa kwa ukosefu wa maji. Baada ya nyika hiyo huchomoza Kasigau upande wa kusini, Sagalla juu ya Voi, kisha milima ya Dawida, mikubwa kuliko yote, ambayo kilele chake cha Vuria kinapita mita 2,200. Ni mwanzo wa Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe inayoteremka kupitia Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Mawingu ya Bahari ya Hindi huigonga yakaacha ukungu na mvua, na kwa hiyo juu kuna baridi, chemchemi na mashamba ya kijani, huku chini mahindi yakikauka mwaka mmoja kati ya miwili au mitatu.

Misitu ya asili iliyobaki, Ngangao, Mbololo, Chawia na mingine, ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba. Hata hivyo humo mna viumbe wasiopatikana kwingineko duniani. Yupo ndege mweusi mwenye tumbo jeupe na mdomo wa rangi ya machungwa, ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri. Lipo ua la zambarau la Mbololo, Saintpaulia teitensis. Na Sagalla ina amfibia wake asiye na miguu, aishiye udongoni, ambaye hajaonekana mlima mwingine wowote. Haishangazi kwamba Chuo Kikuu cha Helsinki kimeweka kituo chake cha utafiti Wundanyi.

Wakazi wa milima hii walijua zamani kuitumia kwa akili. Familia moja ilikuwa na shamba la juu la maharagwe na mboga, la katikati la mahindi na migomba, na chini kwenye tambarare ilikuwa na malisho na shamba la kubahatisha mvua. Juu pakikosa, chini pengine pangepata. Jambo hili lafaa kushikwa vizuri, kwa sababu serikali ya kikoloni ilipokuja kuipima tambarare na kuiona haina nyumba, iliihesabu kuwa ardhi tupu. Kwa Mtaita haikuwa tupu hata kidogo. Ilikuwa nusu ya ghala lake.

Juu huko pia ndiko yaliko mapango ya mafuvu. Wazee walioheshimika walizikwa, na baada ya muda fuvu la marehemu likafukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya waliomtangulia, ili ukoo uwe na pa kuwaendea wakati wa ukame au maradhi. Kulikuwa na misitu ya fighi, mitakatifu, ambayo hakuna aliyethubutu kuikata. Na kulikuwa na kutasa: mtu mwenye kinyongo alipuliza kinywaji kutoka mdomoni huku akitamka maneno ya heri, ili hasira yake isimdhuru ndugu. Ukristo umeenea leo Dawida nzima, ila vijana wengi bado wanaweza kukuonyesha pango la ukoo wao, na ngoma ya mwazindika bado inachezwa.

Taveta ni habari nyingine. Iko magharibi, chini ya Kilimanjaro, ambako maji ya mlima hutokeza ardhini, yakalisha mto Lumi, Ziwa Jipe na Ziwa Chala, ambalo limo ndani ya kreta na mpaka wa Kenya na Tanzania unakata katikati yake. Wataveta wenyewe ni watu walioungana: jamii iliyopokea Wapare, Wachaga, Wakamba, Wataita na Wakwavi waliokuja kujificha katika msitu mnene wa Lumi. Karne ya 19 msitu huo ukawa kituo kikubwa cha misafara ya Waswahili na Waarabu iliyokuwa ikienda Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Misafara ilipumzika Taveta kwa majuma, ikanunua ndizi na samaki, ikatunga shanga, kisha ikaondoka. Joseph Thomson alipita hapo 1883.

Mwaka uliofuata Harry Johnston akafanya mkataba na wazee wa Taveta, na karatasi hiyo ndogo ikazaa jambo kubwa. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1886, mstari uliotoka pwani ukazungushwa kaskazini mwa Ziwa Jipe na kukatizwa kati ya Taveta na Uchagani. Kilimanjaro kikaenda kwa Wajerumani, Taveta ikabaki kwa Waingereza. Watalii husimuliwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima kama zawadi. Ni hadithi tamu, ila mpaka ulipindwa na mikataba kama huo wa Johnston.

Wamisionari walikuwa wametangulia. Johannes Rebmann alifika Kasigau 1847, na mwaka uliofuata akapita Taita pamoja na kiongozi wa msafara, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wataalamu wa jiografia wa London waliokuwa hawajatoka vitini mwao walimkatalia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1883 J. A. Wray wa chama cha wamisionari cha CMS akajenga kituo Sagalla. Mvua ilipokatika, watu wakamshuku yeye, na kwa mantiki ya mahali pale hawakuwa na kosa: mgeni ameingia, mvua imetoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuja Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na bendera zake, na Mwangeka wa Malowa akakataa kuitii. Aliuawa akipigana na askari wa kampuni hiyo, na jina lake lingali likitajwa Taita kila panapozungumzwa ushujaa.

Halafu ikaja reli ya Uganda. Mwaka 1898 ujenzi ulipofika mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walianza kuwatoa vibarua mahemani usiku. Mhandisi wa daraja, John Henry Patterson, aliwaua Desemba mwaka huo, akaandika kitabu, na ngozi akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, ambako simba wale wanaonyeshwa hadi leo. Patterson alidai simba hao waliua watu 135. Utafiti wa kemia ya mifupa na nywele zao uliotolewa 2009 uliashiria watu takriban 35. Vyovyote vile, dunia nzima inawajua simba wa Tsavo, na ni wachache wanaolijua jina la kibarua hata mmoja aliyeliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoipiga nchi hii zaidi. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuzuka Ulaya, askari wa Kijerumani kutoka Moshi waliteka Taveta, wakakaa humo hadi Machi 1916. Ilikuwa ardhi ya kwanza ya Waingereza kutwaliwa na Wajerumani katika vita vile. Kutoka hapo vikosi vidogo vya Wajerumani na askari wao Waafrika vilivuka nyika kwa miguu, wengine wakizimia kwa kiu, ili kulipua reli ya Uganda. Waingereza wakaweka kambi Voi, Bura, Maktau na Mashoti, wakajenga haraka reli ya tawi kutoka Voi kuelekea Taveta, takriban kilomita 110, na kubeba maji kwa bomba kutoka milimani.

Karibu na Maktau, Septemba 1915, Mwaustralia Wilbur Dartnell alijeruhiwa mguuni. Wenzake walipotaka kumbeba alikataa, akabaki na majeruhi wasioweza kuondolewa, akauawa. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross, na kaburi lake liko Voi. Tarehe 12 Februari 1916 vikosi vipya kutoka Afrika Kusini vilishambulia mlima Salaita, kilima kidogo kabla ya Taveta, vikiwa na uhakika kwamba askari weusi waliokuwa juu wangekimbia. Askari hawakukimbia. Walioshika mstari Waafrika Kusini waliporudi nyuma kwa fujo walikuwa Wahindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, ambao Waafrika Kusini hao hao walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alivunja ngome kwenye vilima vya Latema na Reata, na vita vikahamia Tanganyika. Waongozaji wa watalii huonyesha mbuyu karibu na Salaita wenye matundu ya risasi, wakisimulia juu ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake na kuwadungua Waingereza. Mbuyu upo, matundu yapo. Mwanamke huyo hana ushahidi.

Lililo na ushahidi halina mwongozaji wa kulisimulia. Mwaka 1915 Wajerumani walishambulia kituo cha Waingereza Kasigau. Waingereza wakawashuku Wakasigau kwamba waliwaongoza maadui. Walichoma vijiji, wakawakusanya wakazi wa mlima, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, wakawaswaga kwa miguu hadi Malindi. Watu wa mlimani, wasiozoea joto na malaria ya pwani, walikufa wengi njiani na huko walikopelekwa. Waliosalia walikaa uhamishoni takriban miaka 20. Ni katika miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurudi Kasigau, na walipofika walikuta sehemu ya ardhi yao imewekewa mipaka mingine. Kizazi kilichozaliwa Malindi kiliuona mlima wa babu zao kwa mara ya kwanza kikiwa kikubwa. Makaburi ya wanajeshi ya Voi na Taveta yamepandwa maua na hupaliliwa. Waliokufa katika safari ya Malindi hawana jiwe.

Ardhi ya chini ilikuwa imeshaanza kuondoka. Mapema karne ya 20 serikali iligawa tambarare za Mwatate na Voi kwa makampuni ya mashamba, na makonge yakapandwa. Mpaka leo shamba la makonge la Mwatate ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika, na mistari yake ya kijivu inaonekana kutoka barabarani kwa kilomita nyingi. Upande wa Taveta alikuja Ewart Grogan, yule aliyejigamba kutembea kutoka Cape hadi Cairo, na ambaye mwaka 1907 aliwachapa Wakikuyu viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Alianzisha mashamba makubwa ya makonge Jipe na Ziwani, na katika miaka ya 1930 akajenga juu ya kilima jumba la kifahari linalotazama Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande mwingine. Jumba bado lipo. Maskwota waliozaliwa kwenye mashamba ya huko nao bado wapo, na kesi za ardhi za Taveta zimewapa mawakili na wanasiasa kazi tangu uhuru.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali iliona Wataita wamejaa kupita kiasi milimani. Ilikuwa kweli wamejaa, kwa kuwa walikuwa wamefungiwa huko. Dawa iliyotolewa ilikuwa kupunguza mifugo yao na kuwahamishia baadhi yao Shimba Hills. Ndipo ilipoundwa Taita Hills Association, na miongoni mwa viongozi wake alikuwa Woresha Mengo. Walidai warudishiwe ardhi iliyochukuliwa, wakashirikiana na Kikuyu Central Association na chama cha Wakamba. Mwaka 1940, kwa kisingizio cha vita, serikali ilivipiga marufuku vyama vyote vitatu na kuwatia kizuizini viongozi wao Kapenguria, mahali pale pale ambapo Jomo Kenyatta alihukumiwa miaka 13 baadaye. Vitabu vya shule hutaja Kapenguria kwa jina la Kenyatta tu. Wataita walitangulia.

Mnamo 1948 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, zaidi ya kilomita za mraba 20,000 za nyika, ikivuka mipaka ya wilaya. Hoja ilikuwa kwamba hapo hakuna watu. Walikuwapo Waata, wawindaji waliotumia upinde mrefu mgumu mno na mishale yenye sumu ya msunguti, walioweza kumwangusha ndovu kwa mshale mmoja uliolenga vizuri. Uwindaji wao, ambao ulikuwa riziki ya mababu, ukageuka jinai kwa mstari mmoja wa gazeti la serikali. Katikati ya miaka ya 1950 mkuu wa mbuga, David Sheldrick, pamoja na Bill Woodley, walifanya kampeni kali ya kuwakamata, na mamia wakafungwa. Ndovu wakaongezeka, wakang'oa miti, na nyika ikawa uwanda wa nyasi. Wataalamu wakabishana kama wapunguzwe kwa bunduki. Ukame wa 1970 na 1971 ukaamua wenyewe, maelfu ya ndovu wakafa njaa, na hapo ukaja ujangili wa bunduki za kisasa, wenye wakubwa waliouficha. Baadhi ya Waata waliofungwa waliajiriwa baadaye kuwa wafuatiliaji wa nyayo, kwa kuwa hakuna aliyewajua ndovu kuwashinda.

Nyika hiyo hiyo ilifaa pia kwa jela. Kambi ya Manyani, kando ya reli, ilifunguliwa 1954 wakati wa hali ya hatari, na makumi ya maelfu ya washukiwa wa Mau Mau kutoka Mlima Kenya walipitia humo. Homa ya matumbo iliua wengi mwaka wake wa kwanza. Leo Manyani ni gereza, na jirani yake ni chuo cha kuwafunzia askari wa wanyamapori.

Ardhini chini ya miiba kulikuwa na utajiri mwingine. Mskoti Campbell Bridges, mwanajiolojia aliyekuwa ameliona jiwe fulani la kijani Tanzania mwaka 1967, aliufuata mwamba wake kuvuka mpaka na kulipata karibu na Voi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Duka la vito la Tiffany la New York likalipa jina la Tsavo: tsavoraiti. Bridges aliishi kwenye nyumba ya mtini kuwakwepa wanyama, na inasemekana aliweka chatu alinde mawe yake. Muda huo huo ikapatikana rubi nyekundu ndani ya Tsavo Magharibi, na Wamarekani walioigundua walifukuzwa nchini 1974 baada ya wakubwa wa Nairobi kuitamani. Bridges hakufukuzwa, lakini Agosti 2009 alivamiwa na kundi la watu wenye mikuki na marungu kwenye barabara ya mgodi wake, akauawa, kufuatia ugomvi wa uchimbaji. Wachimbaji wadogo wa Kasigau na Mkuki wanaendelea kuchimba kwa nyundo na mitaimbo, na wanaouza bei nzuri ni wale wanaoyakata mawe mbali na hapo.

Kaunti hii imetoa pia sauti. Fadhili William Mdawida alizaliwa Taita 1938, na mwaka 1960 akarekodi «Malaika» pamoja na Jambo Boys. Wapo wanaosema wimbo ulitungwa na mwingine, na ubishi huo hautaisha leo wala kesho, lakini rekodi iliyoupeleka ulimwenguni ni yake. Bungeni ilimpeleka Mashengu wa Mwachofi, mbunge wa Wundanyi baada ya uchaguzi wa 1979, mmoja wa wale wabunge machachari walioitwa «dada saba wenye ndevu» kwa kuikosoa serikali bila woga.

Siku hizi ugomvi mkubwa ni na ndovu. Hutoka mbugani usiku, hasa wakati mahindi yanakomaa, na familia hupoteza chakula cha mwaka kwa saa mbili. Sagalla wamepata njia yenye akili: mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya kuzunguka shamba. Ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, naye hukimbia. Mwenye shamba hubaki na mahindi, na asali ya kuuza. Mizinga haitoshi kwa kila mtu, na reli ya SGR iliyofunguliwa 2017, ingawa ina vivuko vya wanyama, imeongeza ukuta mwingine kwenye njia zao za zamani. Kasigau kwa upande wake imeingia katika biashara ya hewa ya kaboni: takriban ekari nusu milioni za ranchi na vichaka, mradi uliotambuliwa kimataifa mwaka 2011, ambapo makampuni ya nje hulipa miti isikatwe. Sehemu ya fedha imelipa karo na kuchimba mabwawa. Kuhusu mgawo wake, wanahisa wa ranchi na majirani wasio na hisa hawaoni sawasawa.

Kuna jambo moja ambalo viongozi wa hapa, wa vyama vyote, wamelisema tangu ugatuzi uanze 2013: mgawo wa mapato ya Tsavo. Narok hukusanya yenyewe ada za watalii wa Maasai Mara. Tsavo ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hivyo ada zake huenda Nairobi. Chemchemi ya Mzima, iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, imekuwa ikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na vijiji vinavyopitiwa na bomba hilo vimelalamika miaka yote kuhusu kiu. Kaunti inabeba wanyama, maji, reli na makonge ya taifa juu ya mgongo wa watu laki tatu na kitu. Bunge na lifanye jambo dogo kabla ya mengine yote: litangaze kila mwaka Tsavo imeingiza shilingi ngapi, na ngapi kati ya hizo zimerudi Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta.